Kidole cha Pete na Jirani Yake

Siku hizi mteja akija dukani kwangu Kanyenye kupimwa gauni, kabla sijashika futi namwomba aweke mkono juu ya meza. Namwambia akunje kidole cha kati, akiingize chini ya kiganja, vingine avilaze mezani halafu aviinue kimoja kimoja. Gumba linainuka. Cha shahada kinainuka. Cha mwisho nacho hakina matata. Ikifika zamu ya kidole cha pete, mteja anakaza uso, anakaza shingo, wengine hata ulimi unachungulia, na kidole kimelala palepale kama si chake. Hapo nacheka. Wapo wanaocheka pamoja nami, na wapo wanaouliza kama nguo itakuwa tayari Jumamosi au watafute fundi mwingine.

Najua nimekuwa kero. Lakini nimeshona nguo za watu tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kujiuliza ndani ya mkono kuna nini. Mkono unashika mkasi, unasukuma kitambaa, jioni unauma kidogo, unapaka mafuta, basi. Kilichonifumbua macho ni tarumbeta la marehemu baba, ombi la mama, na Mzaramo mmoja ambaye nilikataa kumwamini kwa sababu alikuwa mtani wangu.

Mama aliletwa kwangu kutoka kijijini Goweko magoti yalipomkatalia. Hakuja kwa hiari. Alikuja na kuku wake, na mchi wake, na begi moja, na juu ya begi sanduku refu jeusi ambalo hakumruhusu mtu yeyote kulibeba. Ndani yake kulikuwa na tarumbeta la baba. Alilipangia mahali pake juu ya kabati langu la nguo, akaniambia nisiweke chochote juu yake, hata kitambaa.

Sisi ni Wamoravian, na sisi Pasaka tunaianzia makaburini. Kabla jua halijatoka watu wanakwenda kusimama kati ya makaburi, wanaimba wakilingoja, na matarumbeta yanapigwa. Mjini Tabora bendi ni kubwa, inang'aa, watu wanapigana vikumbo kuipiga picha. Goweko kulikuwa na tarumbeta moja tu, la baba. Aliachiwa na mwinjilisti aliyehamishwa, ambaye alimwonyesha mahali pa kuweka mdomo na mahali pa kuweka vidole, akamwandikia nyimbo kadhaa kwa namba za vidole, akaondoka zake. Yaliyobaki baba alijifundisha mwenyewe. Alilipiga tarumbeta lile mpaka uzee, na alipokufa hakukuwa na wa kulipiga kwenye maziko yake, maana mpigaji ndiye aliyekuwa anazikwa.

Mimi nilikuwa mtoto wa shangazi zaidi kuliko wa Goweko. Nilipofika umri wa kuanza shule nililetwa mjini, na tangu hapo Krismasi ilikuwa ya kijijini na Pasaka ilikuwa ya kwaya ya mjini, na shangazi hakuwa mtu wa kukubali sauti ipungue kwenye kwaya yake. Kwa hiyo baba yangu mwenyewe sikuwahi kumsikia akipiga wimbo wa makaburini. Na nyumbani alikuwa haupigi. Nyimbo nyingine zote alizipiga chini ya paa la banda la kuku, hata za harusi, lakini ule hapana. Alisema ukiupiga nyumbani ni kama unamwita mtu. Mama mpaka leo ukianza kuuimba jikoni anakunyamazisha.

Ombi lenyewe alilitoa siku tuko tunachambua mchele. Alisema, bila kuniangalia, "Pasaka ijayo nataka nikalisikie tarumbeta pale kwa baba yako. Haya magoti hayatanipeleka mara nyingine."

Nikawapigia simu kaka zangu, mmoja Mwanza na mmoja Dar. Wote wawili walisema jambo hilo ni dogo, tuazime mpigaji kutoka bendi ya mjini, aende asubuhi, arudi mchana. Nilipomfikishia mama, aliendelea kupepeta.

"Wa kuazima atampigia nani?" akasema. "Anamjua?"

Nikapanda juu ya kiti, nikalishusha sanduku.

Sitaki kusimulia miezi ya kwanza. Inatosha kusema kwamba jirani yangu wa duka la vitambaa, mzee wa Kihindi mwenye adabu nyingi, alikuwa akisikia nimevuta pumzi tu anainuka taratibu na kufunga mlango wake, halafu akinikuta nje ananisifia hali ya hewa. Mwalimu wa bendi ya kanisani alikubali kunifundisha jioni, nyuma ya kanisa, na alikuwa mvumilivu. Mdomo ulikubali mapema kuliko tulivyotarajia. Pumzi nilikuwa nayo, nimeimba kwaya maisha yangu yote. Tatizo likabaki vidole.

Tarumbeta lina vitufe vitatu, na vinabonyezwa na vidole vitatu: cha shahada, cha kati na cha pete. Kila sauti ina mpangilio wake. Sasa wimbo ule, katika mstari wa tatu, una mahali ambapo unapanda kama mtu anayepanda ngazi. Sauti ya chini inabonyezwa kwa cha shahada na cha pete. Inayofuata, ya juu yake, kwa cha shahada na cha kati. Maana yake kidole cha pete kinyanyuke wakati uleule cha kati kinashuka. Mwalimu alikuwa anafanya hivyo huku akinieleza habari za watoto wake.

Changu cha pete hakikunyanyuka. Cha kati kikishuka, cha pete kinabaki nacho chini, vitufe vyote vitatu vinazama, na wimbo badala ya kupanda unaanguka.

"Mama, unashuka," mwalimu ananiambia. "Panda hapo."

"Napanda."

"Unashuka."

Alidhani naogopa. Mimi nilidhani ni uvivu wa kidole, na uvivu naujua dawa yake. Nikaanza kukifanyisha kazi. Nilibonyeza meza ya cherehani wakati nangoja pasi ipate moto. Nilibonyeza mfuniko wa sufuria. Kanisani nilibonyeza kitabu cha nyimbo wakati wa mahubiri mpaka aliyekaa karibu nami akahama benchi. Cha shahada na cha pete, cha shahada na cha kati, kutwa kucha.

Na hivyo ndivyo Mzaramo alivyonikuta.

Mama alikuwa anahudhuria hospitali kwa ajili ya magoti, kwa daktari wa mazoezi ya viungo. Huyo alikuwa mwanamume wa Kisarawe, aliyehamishiwa Tabora na akapapenda, ingawa asingekubali kusema. Siku ya kwanza aliposikia tunaongea Kinyamwezi sisi wenyewe kwa wenyewe, aliweka kalamu chini na uso ukamchanua. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani wetu haukutengenezwa jana. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani na kurudi, na huko pwani Wazaramo ndio waliowapokea, wakawalisha, wakawacheka, na walioishiwa nguvu njiani wakawazika. Watu waliozikana hawawezi kukasirikiana kwa maneno. Kwa hiyo mtani anaweza kukwambia lolote, wakati wowote, mbele ya yeyote, na wewe kazi yako ni kumrudishia.

"Bibi," alimwambia mama huku amelishika goti lake, "haya magoti yamechoka kubeba pembe za ndovu. Mzigo uliutua lini?"

"Niliutua kwa babu yako Bagamoyo," mama akamjibu. "Alishindwa hata kuusogeza, nikamwonea huruma."

Tangu siku hiyo mama alikuwa anaulizia siku ya hospitali kama mtu anayeulizia harusi. Mimi daktari alinipa jina la mpagazi. Mpagazi njoo ushike mguu huu, mpagazi mlete mzee kitandani.

Siku moja alikuwa amemfunga mama kitambaa cha moto gotini, nami nimekaa kwenye benchi nabonyeza paja langu. Akasimama kuniangalia.

"Mpagazi, unahesabu shanga au umepandisha mashetani?"

Nikamweleza habari ya tarumbeta na mstari wa tatu. Akavuta kiti, akaniambia niweke mkono mezani, akanifanyisha hilo zoezi ninalowafanyisha wateja leo. Akabonyeza mgongo wa mkono wangu kwa gumba lake, polepole, akipita kutoka kifundo hadi kifundo.

"Unaona hivi vinavyotuna ukinyoosha vidole? Ni kano. Ndizo kamba zinazoinua vidole."

"Mishipa," nikasema.

"Mishipa ya Unyamwezini. Huku kwetu mshipa unapita damu. Hizi ni kano. Sasa kati ya kamba na kamba kuna vijikamba vingine vimekingama, vinazifunga pamoja. Kila mtu anavyo kwa namna yake. Wengine vyembamba kama uzi, wengine vipana kama mkanda wa saa. Kwako, kati ya kidole cha kati na cha pete kumefungwa kwa mkanda mfupi kabisa. Cha kati kikienda, cha pete lazima kiende. Fundi wenu aliona msafara unaondoka, akafunga viwili kwa pamoja akakimbilia mzigo wake."

Mama akacheka. Mimi nikacheka. Akautaka mkono wa kushoto, akaufanyia vilevile, na kidole cha pete kikainuka kidogo, kikatikisika, lakini kikainuka.

"Huu ulifungwa na fundi mwingine, mwenye nafasi," akasema. "Piga tarumbeta kwa huu."

Sasa nielezwe, ningefanya nini? Mimi nimelelewa kwamba mkono wa kushoto hausalimii, haupokei, haugusi chakula, na ukimpa nao mkubwa kitu anasubiri mpaka uurudishe utoe wa kulia. Leo niende nao makaburini, nimnyanyulie baba, mbele ya kijiji kizima, alfajiri ya Pasaka. Hilo lilikuwa neno la mtani. Tena lilikuwa neno tamu la mtani, limepikwa likaiva, na nilimpa heshima yake kwa kulijibu.

"Nikampigie baba yangu kwa kushoto," nikamwambia, "ili mpate cha kusimulia mpaka Kisarawe?"

Mama alicheka mpaka kitambaa kikadondoka gotini. Na daktari naye akacheka. Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu naye alicheka. Kila tulipokwenda baada ya hapo aliniuliza, "Mpagazi, umeshahamia kushoto?" nami nilikuwa nimeshamwandalia jibu tangu nyumbani. Ilikuwa burudani yetu. Haikunipitia akilini kwamba ndani ya ule mzaha mtu alikuwa ananieleza mkono wangu ulivyo.

Mvua zikaja, zikapungua, Kwaresima ikaingia. Mimi na kidole changu tulikuwa vitani. Nilikifunga mpira nikauning'iniza kwenye msumari, ili cha kati kikishuka chenyewe kivutwe juu. Nilikitumbukiza kwenye maji ya moto. Nilikilaza usiku kwenye kijiti nilichokizungushia kitambaa. Mwalimu alinionea huruma akasema pale tuparuke tu, tunyamaze kidogo, nani atajua. Nilimkasirikia. Mama yangu anapelekwa kwa mumewe mara ya mwisho, nimpigie wimbo wenye tundu katikati? Nilikusanya vitu vyangu, nikaondoka bila kuaga, na kesho yake nikarudi kwa sababu sikuwa na mwalimu mwingine.

Mgongo wa mkono ukavimba. Mwanzoni kidogo, halafu ukawa mwekundu na moto, na mkasi nikawa naushika kwa machozi. Vitambaa vya sare za Pasaka vilirundikana dukani, akina mama wa kwaya wakaanza kupita wakichungulia. Nilikuwa naona wazi kwamba nitakosa vyote, wimbo na kazi, na mama hakuwa na habari. Alikuwa ameshaanza kuniuliza tutaondoka siku gani.

Siku yake ya hospitali ilipofika nilienda na mkono nimeuficha ndani ya kitenge. Daktari alinitazama mara moja tu.

"Utoe," akasema.

Nikautoa, nikangoja. Nilikuwa na hakika ya mambo mawili au matatu atakayosema kuhusu wapagazi na mikono yao, na niliyataka, kwa kweli, nilihitaji kucheka. Akavuta kiti.

"Kaa, dada yangu."

Hakuwahi kuniita dada. Alinishika mkono kwa uangalifu, akauliza maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, nimeufanyia nini. Nilimjibu kila swali, naye akasikiliza kila jibu. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kushikwa nayo hospitalini, hata wakati wa kujifungua.

"Mbona leo hunitanii?" nikamwuliza.

"Utani niliumaliza siku ile," akasema. "Ule wa fundi na msafara, ndio ulikuwa utani. Mengine yote yalikuwa kweli."

Akaweka mikono yake mwenyewe mezani, akaukunja mmoja kisha mwingine. Wa kulia kidole cha pete kilikwama kama changu, si sana. Wa kushoto kiliinuka kidogo. Akamwita muuguzi aliyekuwa anapita na ndoo, akamwomba mikono. Vya kwake vyote viwili vilikwama. Akamgeukia mama. Vidole vya mama, vilivyopinda kwa jembe na mchi, vilijipanga mezani, na kile cha pete kikapanda juu chenyewe kama kidole cha shahada. Mama alikitazama kwa majivuno.

"Watu wanne, na hakuna mkono uliofanana na wa mwenzake," daktari akasema. "Kwenye vitabu wanachora mmoja, kwa sababu karatasi haitoshi. Wako wasio na kijikamba hicho kabisa. Wako ambao kano nzima imegawanyika mara mbili. Kifundo cha mkono nacho, kuna kano moja wengine wanazaliwa nayo na wengine hawana, na hawajui mpaka wanazikwa. Hali ya mkono wako si ugonjwa. Si uvivu pia. Lakini ule mkanda hautarefuka kwa mpira na msumari. Utauumiza tu."

Nililia. Sikulia kwa huzuni. Muda wote ule nilikuwa nimekitukana kile kidole, nimekiita mvivu, nimekichapa na rula ya kupimia kama mtoto, na kumbe kilikuwa kinafanya kila kilichowezekana. Nilijisikia mwepesi. Sijui kama watu wengine wanaweza kufurahi kwa kuambiwa kwamba jambo haliwezekani, lakini mimi nilifurahi.

Ikabaki habari ya mkono wa kushoto. Nilimtazama mama, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha adabu ya mikono, na kaburi lile ni la mumewe.

"Kula, hapana," akasema. "Kupokea, hapana. Lakini tarumbeta mtu anapuliza kwa mdomo."

Daktari akaandika dawa, akanifunga bandeji, akaniamuru mkono wa kulia upumzike. Tulipofika mlangoni akapaza sauti, "Mpagazi, ukifika kwenu uwaambie ni Mzaramo aliyewafundisha wimbo." Nikajua nimesamehewa ujinga wangu.

Mkono wa kushoto ulikuwa mshamba, lakini haukuwa na kinyongo. Mwalimu alikunja uso aliponiona nimegeuza chombo, akasema hajawahi kuona, kisha akasema hata hivyo hakuna sheria. Tulianza upya, polepole, sauti moja moja. Jioni tulipofika mstari wa tatu, cha shahada na cha pete vikabonyeza, halafu cha kati kikashuka na cha pete kikanyanyuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, na wimbo ukapanda. Nikarudia. Ukapanda tena. Mwalimu aliweka tarumbeta lake kwenye nyasi, akanipa mkono, halafu akacheka kwa sababu alinipa wa kulia na wangu ulikuwa na bandeji.

Tulikwenda Goweko siku moja kabla. Mama alilala nyumba yake ya zamani, mimi nikalala kwa jirani, na mabani ya kukaushia tumbaku yalikuwa yanawaka moto, harufu yake ikiwa kila mahali, mpaka kwenye mto wa kulalia. Alfajiri vijana wa kanisa walimbeba mama kwenye kiti mpaka makaburini, kilimani. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Walikuwa wamesikia kwamba tarumbeta linarudi. Tangu baba afe walikuwa wanaimba kwa midomo mitupu, na wengi wa waliokuwa pale, wale watoto waliosinzia kwenye migongo, hawakuwahi kulisikia.

Kiti cha mama kiliwekwa karibu na kaburi, karibu kiasi kwamba upande wa kitenge chake uligusa saruji. Mbingu upande wa reli zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Mzee wa kanisa akanipa ishara. Nikainua tarumbeta kwa mkono wangu wa kushoto. Nilisikia mnong'ono ukipita nyuma, nikauacha upite.

Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Watu wakaingia, wanawake kwanza, kisha sauti nzito za wanaume, na nilijisikia nimebebwa. Mstari wa pili vilevile. Tukafika wa tatu. Nikabonyeza sauti ya chini, nikaandaa vidole, nikapanda.

Wote wakashuka.

Kilima kizima, wazee kwa watoto, walishuka kwa pamoja, kwa nguvu, bila wasiwasi wowote, na tarumbeta langu likabaki huko juu peke yake likilia kama mbuzi aliyesahauliwa. Nilidhani nimekosea. Nikaangalia vidole: cha shahada chini, cha kati chini, cha pete juu. Ilikuwa sawasawa, kama nilivyofundishwa. Nikamalizia ubeti uso unawaka moto. Mzee wa kanisa akaanza kusoma maneno ya ubeti wa pili, nami nikamwinamia mama. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta mahali alipoweka ufunguo.

"Mama, nimekosea wapi?"

"Hukukosea, mwanangu. Umepiga vizuri," akasema. "Ila pale katikati baba yako alikuwa anashuka."

"Anashuka?"

"Siku zote. Nilikuwa nangoja pale."

Nikasimama wima. Niliutazama mkono wangu wa kulia, uliokuwa umeshika tarumbeta kwa chini, uvimbe umekwisha, na kano zake zimetuna mgongoni. Mtu mmoja, hapa hapa, bila mwalimu wa kumsahihisha, alikuwa na kidole cha pete kisichoweza kumwacha jirani yake. Kijiji kilijifunza wimbo kwake. Wakaendelea kuuimba hivyo kila Pasaka, hata baada ya kumzika mwenyewe.

Mzee wa kanisa alimaliza kusoma. Nikahamisha tarumbeta mkono wa kulia. Tukaanza ubeti wa pili, na tulipofika mstari wa tatu sikukaza kitu. Kidole cha kati kilishuka, cha pete kikaenda nacho, vitufe vyote vitatu vikazama, na watu wote wakashuka pamoja nami.

Mama alifumba macho. Akaweka kiganja chake juu ya saruji.

"Huyo," akasema.